Kruza (Toyota Land Cruiser) HZJ75 inapiga usukani mbele nikifika kilomita 75 kwa saa, nimebadilisha karibu kila kitu

mbuyu_wa_rongai
Habari za jioni wadau. Niko na Kruza pikapu HZJ75 ya 1994, ile ya injini ya 1HZ, nilinunua mwaka jana kwa mnada, ilikuwa gari ya kazi huko kaskazini lakini chasisi iko safi kabisa nimeangalia mwenyewe na tochi. Shida iko mbele. Mjini hakuna kitu, unaweza endesha na kidole. Sasa nikipanda Expressway ya Nairobi pale Mlolongo nikija Westlands, nikifika kama 75 halafu nigonge moja ya zile jointi za daraja, usukani unaanza kupiga kushoto kulia, na sisemi kutetemeka kama simu mfukoni, nasema kupiga, mikono inaruka, dashibodi inalia, na haiachi mpaka nishuke 45. Limiti ya huko ni 80 kwa hivyo si ati nakimbiza. Jumapili ilinishika na mama watoto yuko ndani, kutoka hiyo siku amekataa kupanda, anasema heri matatu.

Nimefanya balansi mara mbili, alaimenti mara moja, na nimetoa zile tairi za 7.50 za tyubu nikaweka 285/75 R16. Ilikuwa inafanya hata na tairi za zamani ila sahii imezidi. Fundi wangu anasema ni dampa ya usukani, elfu tisa. Ninunue ama naibiwa?

spana_14
Weka dampa mpya boss. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikaweka ikanyamaza. Usisumbuke sana.

mzee_wa_difu
Spana hapo juu sikatai ilinyamaza, lakini ilinyamaza tu, haikupona. Dampa kazi yake ni kumeza mishtuko midogo, hiyo gari ikiwa na kila kitu kimekaza inafaa uendeshe hata bila dampa na isipige. Ukiweka mpya juu ya kitu kilicholegea utapata miezi kadhaa ya amani halafu itarudi na hasira, na hapo kile kilicholegea kitakuwa kimelegea zaidi.

Mbuyu kwanza tutenganishe mambo. Gari ikitetemeka kwa spidi fulani tu, tuseme 90 hadi 100, kisha ukipita hapo inatulia, hiyo ni tairi, rimu ama balansi. Ikitetemeka ukikanyaga breki ni diski. Ikiwa unaisikia kwa kiti kuliko kwa usukani, angalia nyuma na propela. Lakini yako inangoja kugongwa ndio ianze, na ikianza haiachi mpaka upunguze mwendo, hiyo ni ugonjwa wa gari za ekseli nzima mbele, magurudumu mawili yanapigana kupitia tairodi moja, ile fimbo inayoyaunganisha, moja likienda kushoto linavuta mwenzake na mwenzake anarudisha. Inahitaji mahali pa kuchezea. Tafuta hapo mahali.

Fanya hivi kabla hujatoa shilingi. Gari ikiwa chini kwa tairi zake, washa injini, mtu aketi ndani azungushe usukani kidogo kushoto kulia haraka haraka, asimalize mzunguko, robo tu. Wewe lala chini na uangalie jointi moja moja, usiangalie zote, utadanganyika. Weka kidole kwa kila tairodi endi, kwa draglinki (fimbo inayotoka stiaringi boksi kwenda gurudumuni), kisha angalia stiaringi boksi pale imefungwa kwa chasisi, nimeona boliti zimelegea na hata chasisi imepasuka hapo kwa gari za kazi nzito. Halafu bushi za springi na za shako, ile chuma inayoshikilia mwisho wa springi kwa chasisi. Kama ingekuwa ile 79 iliyokuja 1999 na springi za koili mbele ningesema uanze na panhadi, ile fimbo inayozuia ekseli isiende kando, lakini yako ni ya majani haina hiyo.

Ukimaliza piga jeki, weka stendi, usiamini jeki peke yake tafadhali, tumezika watu. Shika tairi juu na chini uitingishe. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki na utingishe tena. Uchezaji ukipotea, ni bearing ya gurudumu. Ukibaki palepale, ni kingpini, pale gurudumu linapozungukia ukikunja kona. Hiyo peke yake itakuokolea pesa nyingi kuliko mashauri yote ya hapa.

Na swali: gari iko urefu wake wa kawaida ama kuna mtu aliinua?

samurai_mama
Kaka pole, hiyo kitu naijua. Mimi naendesha Suzuki Samurai na ilinifanyia hivyo Southern Bypass karibu na Langata nikiwa peke yangu, nilidhani gurudumu limetoka. Usikanyage breki kwa nguvu na usishindane na usukani, utaumia vidole. Toa mguu kwa mafuta, shika imara lakini acha itembee kidogo, ishuke mwendo yenyewe kisha wekelea breki polepole.

Yangu mafundi watatu walibadilisha tairodi endi na wote walikuwa na uhakika. Ilikuwa bearing za kingpini. Hizi gari zetu zinaenda mbele moja kwa moja muda mrefu, kwa hivyo hizo bearing zinachimba vishimo pale pale pa katikati, ukikunja kona zinahisi sawa, ukinyoosha zinaingia kwa kishimo.

Na uoshe rimu ndani!! Sicheki. Nilitoka Magadi na tope limekauka ndani ya rimu moja nikaenda nikalipa balansi, kijana akaweka risasi za balansi juu ya tope. Siku mbili tope likaanguka.

mbuyu_wa_rongai
Asanteni sana, sasa mmenifanya nilale chini ya gari na kanzu ya nyumbani. Majibu:

Usukani ukizungushwa tairodi endi zote mbili ziko sawa. Draglinki ya upande wa boksi inacheza kidogo, kama unene wa kadi ya simu. Boksi iko imara. Kwa jeki, kushoto hakuna kitu, kulia inacheza juu chini na ukikanyaga breki inaendelea kucheza vile vile. Pia ile tufe nyuma ya gurudumu la kulia imeloa mchanganyiko mweusi kama supu ya omena.

Mzee kuhusu kuinua, eeeh, nilikuwa nataka kunyamaza. Niliweka shako ndefu mbele, inchi mbili, ili hizi tairi ziingie.

mzee_wa_difu
Haya, jibu umejipa mwenyewe.

Hiyo supu ni oili ya difu imepita sili ya ndani ya ekseli ikaingia kwa grisi ya hiyo tufe, ikayeyusha grisi, na bearing za kingpini zinakaa humo ndani zikaanza kula kavu. Usibadilishe bearing uache sili, utarudi hapo baada ya mvua moja. Fungua pande zote mbili hata kama kushoto inaonekana sawa, kila upande una bearing mbili, juu na chini, na kuna shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha mkazo. Hizo shimu ndizo kazi yenyewe. Fundi akikuambia atarudisha zile zile za zamani bila kupima, chukua funguo uondoke. Nakoli (ile sehemu inayobeba gurudumu na kuzunguka kwa kingpini) ikifungwa bila sili na bila ekseli inafaa iwe nzito kiasi kuzungusha, inapimwa kwa mizani ya springi, kama ile watu wa mbuzi wanatumia kule sokoni, unavuta mkono wa usukani unasoma. Kitabu cha gari kina kiasi chake, mwambie akusomee akiwa hapo.

Sasa shako. Kwa hiyo gari shako iko mbele ya springi, ukiirefusha ekseli inajipinda, kichwa cha kingpini kinainama mbele na kasta, yaani ule mwinamo wa kingpini kwenda nyuma, inapungua. Kasta ndiyo inafanya usukani urudi katikati wenyewe. Angalia gurudumu la troli ya supamaketi linavyocheza ukilisukuma haraka, ndiyo wewe kwa Expressway. Rudisha shako za kawaida, ama uweke vipande vya chuma vya umbo la kabari kati ya springi na ekseli, virudishe huo mwinamo. Halafu alaimenti uliyofanya ilipima nini? Wengi hapa mjini wanarekebisha tou (tairi za mbele zinavyoelekea ndani au nje) peke yake kwa sababu kwa ekseli nzima ndiyo iko na nati, kasta hawakuambii.

spana_14
Sawa mzee nimekubali lakini na mimi dampa yangu ina miaka miwili haijarudia.

mzee_wa_difu
Njoo tuipige jeki Jumamosi basi.

samurai_mama
Mimi naleta chai 😂

mbuyu_wa_rongai
Wiki tatu baadaye narudi maana najua watu huuliza halafu wanapotea.

Tulifungua kwa fundi mwingine Kariobangi. Bearing ya chini ya kulia ilikuwa na mistari kama mahindi kwa gunzi, hata kushoto ambako kulikuwa sawa kulikuwa kumeanza. Zimebadilishwa nne, sili zote, grisi mpya, draglinki endi moja. Fundi alitaka kurudisha shimu za zamani, nikashika funguo kama nilivyoambiwa, akacheka akatoa mizani. Shako za kawaida zimerudi, tairi zinagusa springi nikikunja kona hadi mwisho, nitaishi nayo.

Nimeenda hadi Kajiado na kurudi, nimegonga kila shimo nilipata makusudi, haipigi. Imebaki mtetemo mdogo kati ya 92 na 98 halafu unapotea. Nikahamisha tairi za mbele nyuma na mtetemo ukahamia kwa kiti, kwa hivyo ni tairi, nikaipiga jeki nikaizungusha karibu na kipande cha mti, tairi moja ina nundu, inapanda inashuka. Na ni mpya. Nikasoma zile namba nne ubavuni ni 3117, yaani imetengenezwa wiki ya 31 ya 2017, sijui ilikuwa imekaa dukani ikingoja nani.

Mama watoto amepanda hadi Kitengela, ameshika mlango njia nzima lakini amepanda.

Ile dampa nilikuwa nimeshanunua kabla mzee hajajibu. Iko kwa boksi yake. Elfu saba, uje Rongai mwenyewe.