Mtondoo kwenye maweni: umbali gani na nyumba?

Mwanakiambo: Asalaam alaykum. Kiwanja kiko mashariki ya Unguja, mita 40 kwa 50, maweni matupu, na kusi linapiga moja kwa moja kutoka pwani. Nataka mtondoo mmoja wa kivuli na harufu ya maua. Upandwe wapi na vipi? Matondoo, yaani mbegu zake, yaliyotiwa vifukoni mwezi uliopita hayajaota hata moja.

Kitalu_Unguja: Waalaykum salaam. Hayajafa hayo, gamba ndilo linalochelewesha. Tondoo likipandwa na gamba lake huchukua kama miezi miwili. Ukilivunja ukatoa kiini kizima, wiki tatu hivi. Gonga ubavuni taratibu, maana kiini kilichochubuka huoza. Kifukie sentimita 2 tu, kwenye kivuli chepesi. Mche ukifika sentimita 30 au 40 uhamishe. Ukikawia, mzizi mkuu hujizungusha chini ya kifuko, na mti wa namna hiyo hauna nanga.

Makumbi: Chumvi isikutie hofu, mtondoo ni mti wa pwani. Kinachoua mche ni kiangazi cha kwanza. Panda masika yanapoanza, shimo sentimita 60 kila upande. Kwenye maweni usiishie hapo: pasua chini kwa mtarimbo mpaka upate ufa wa kupitisha mzizi, la sivyo umepanda kwenye chungu cha jiwe. Jaza udongo wa kinongo, ule mwekundu wenye kina, na debe moja la samadi iliyooza. Tandaza makumbi kuzunguka mche, yasiguse shina. Kaskazi likikausha, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki.

Mwanakiambo: Ahsanteni. Na umbali?

Kitalu_Unguja: Mita 10 kutoka ukutani, na karo pia. Matawi hutanuka sana, wakati mwingine kuliko urefu wa mti.

Pemba_Kijani: Mimi ningesema 12, hasa paa likiwa la bati, maana matondoo yakidondoka usiku hakulaliki! Tena usiweke maegesho chini yake. Ukitaka shina lililonyooka chagua chipukizi moja mapema, punguza matawi ya chini machache kila mwaka, kilele usikiguse. Ukikata, linda macho: utomvu wake unaunguza. Na watoto wasitafune kiini, kina sumu.