Pawatila kuukuu ya bustani: haiwaki na haina kitabu

Wapendwa, hamjambo? Nina Troy-Bilt Pony, injini Briggs & Stratton ya hp 5. Kamba inavutika vizuri ila haiwaki. Lebo imefutika. Naanzia wapi?
(Minneapolis)

Kaka, usifungue hata boliti moja kabla ya kupata namba. Na vitabu ni viwili, cha injini na cha pawatila yenyewe. Wengi hutafuta kimoja wakakwama. Namba za injini zimegongwa kwenye bati la kifuniko cha feni, juu ya plagi. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Brashi ya waya usiiguse, itazifuta. Utakuta model, type na code. Code ikianza na 810422, injini ilitengenezwa tarehe 22 Aprili 1981. Ingiza model na type kwenye tovuti ya Briggs, kitabu ni bure. Cha pawatila kitafute pia kwa jina Garden Way, waliokuwa wakiitengeneza Troy, New York, hadi walipofilisika 2001 na jina la Troy-Bilt likaenda kampuni ya MTD.
(Columbus)

Asante sana. Code inaanza na 79.
(Minneapolis)

Basi ni ya 1979, na hiyo ina pointi (vidude vinavyofunga na kufungua umeme wa plagi), zimejificha chini ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na zikikaa muda mrefu huota kutu nyeupe. Ndipo moto (cheche) wa plagi unapopotea. Zisafishe au weka mpya, nafasi inchi 0.020 (mm 0.5). Plagi inchi 0.030. Kati ya koili (inayozalisha umeme wa plagi) na flaiwili inchi 0.010 hadi 0.014.

Flaiwili ikiwa nje, tazama kii yake (kipande kidogo kinachoishikilia kwenye shafti) kwa makini. Ni ya alumini, laini makusudi: visu vikigonga jiwe inakatika yenyewe kuokoa shafti. Ikisogea hata kidogo, moto upo, petroli ipo, lakini injini inarusha kamba mkononi au haiwaki kabisa. Usiweke kii ya chuma!

Kabureta: petroli ya kituoni hapa Marekani kwa kawaida ina ethanoli, huacha gundi kwenye jeti (vitundu vya kupitishia petroli) na kuharibu mipira ya zamani. Badilisha gasketi na mpira wa petroli, puliza matundu kwa hewa, usichokoe kwa waya. Sindano (skrubu ya kupima petroli) ifunge taratibu hadi igote, kisha fungua mzunguko mmoja na nusu. Malizia kurekebisha injini ikiwa ya moto. Oili SAE 30, lita 0.6 hivi.
(Lewiston, Maine)

Nyongeza kuhusu giaboksi, maana ndiyo ghali. Ndani kuna gia za shaba. Weka oili ya gia ya daraja la GL-4 (limeandikwa kwenye chupa). GL-5 nyingi zina salfa inayokula shaba. Ikivuja upande wa visu, toa visu kwanza: nyasi na kamba za plastiki hujiviringisha kwenye mhimili na kukata sili (mpira unaozuia oili kuvuja). Ukibadilisha sili bila kuzitoa, mpya nayo itakatika.
(Columbus)