Swingi kwenye fidla: mbona inatoka kama gwaride?

FidlaKibokoni: Wakuu, kikundi chetu hapa Mombasa kinafanyia mazoezi muziki wa okestra wa Kimarekani wenye jazi. Swingi (mdundo wa jazi unaoyumba, noti ndefu kisha fupi) inatoka ngumu. Tunakosea wapi?

BesiLikoni: Mnasoma karatasi ilivyo. Noti mbili za pigo moja zimeandikwa sawa, lakini gawanyeni pigo mafungu 3: noti ya kwanza ichukue 2, ya pili 1. Kasi ikipanda sana, zikaribie kulingana urefu. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ilie kwenye pigo la 2 na la 4.

Kinanda_Tudor: Na upinde! Sentimita chache tu, karibu na katikati, mkazo kwenye noti fupi. Upinde mrefu huwachelewesha. Mtetemo wa kidole kwenye uzi punguzeni; mtelezo wa vidole, waliopiga taarabu wanao tayari. Sikilizeni konsato ya fidla (fidla ikiongoza, okestra ikiitikia) ya Wynton Marsalis, mwanajazi wa Marekani (2015), sehemu ya 3: bluzi.

FidlaKibokoni: Shukran, kesho tunaanza na upinde.