Mrejesho: vifaa vya kuanzia kuvua kwa fimbo
Wakuu nimerudi, mie ndo yule niliyeuliza nianze na fimbo na rili (kile kidude cha kukunjia uzi) gani ya kuvulia samaki ziwani wakati sijawahi kushika hata ndoana. Asanteni sana mlionijibu. Nilichukua fimbo ya mita 2.1 isiyo ngumu sana, rili ya spinning (ile inayokaa chini ya fimbo) saizi 2500 na uzi wa nailoni ya kawaida unaohimili ratili 8, na kweli inarusha vizuri na mkono hauchoki.

Kilichosaidia zaidi ni ndoana aisee, mliposema namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo nikahama kutoka namba 2 kwenda namba 8, wale waliokuwa wanadonoa chambo na kusepa sasa wananasa. Na fundo, ule ushauri wa kulowesha uzi kabla ya kukaza, halifunguki tena.

Ila boya limegoma kwangu, upepo ukivuma linasukumwa mpaka kwenye magugu, siku hizo nalitoa naweka chubwi dogo (kile kizito cha kuzamisha) mshipi unatulia chini. Samaki wakubwa bado. Na aliyenikataza nisianze na uzi wa kusuka abarikiwe sana, jamaa yangu anao, kila akirusha unajisokota anakaa chini kuufumua.