Mjadala: Ramani za setilaiti ndizo zituchoree mstari wa kujenga pwani?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wapo wanaosema hazitoshi, tufuate ramani za kompyuta zinazoonyesha maji yatafika wapi mwaka 2100. Mita 60 sizitetei. Juu ya mwamba ni nyingi mno, na kwenye matope ya mikoko bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, inazipita bila kutoa jasho. Ila ramani hizo nazo zina ugonjwa wao.

Nyingi za bure zimejengwa juu ya vipimo vya rada ya chombo cha anga cha Marekani, Februari 2000. Rada ile iligonga vilele vya mikoko na mapaa ya nyumba, ikaandika kuwa hapo ndipo ardhi ilipo. Msitu unaoingia maji kila siku ukageuka kilima! Watafiti wa Climate Central, shirika la Marekani la utafiti wa tabianchi, waliposahihisha kosa hilo mwaka 2019, watu wanaoishi chini ya usawa wa maji kujaa, dunia nzima, walipanda kutoka milioni 28 hadi milioni 110. Bahari haikusogea, kilichorekebishwa ni ardhi. Na IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inakisia bahari itapanda kati ya sentimita 28 na mita 1 hivi kufikia 2100. Kipimo kinachokosea kwa mita kadhaa kitamhamishaje mtu kwa ajili ya nusu mita?

Mpima ardhi
Mkuu, hoja yako inakugeukia. Kama rada ilizidisha urefu wa ardhi, basi hatari ni kubwa kuliko ramani inavyosema. Hapo ungetaka tahadhari iongezwe, wewe unataka tusubiri.

Mtu wa Forodhani
Hatari gani? Kipimo cha maji cha bandari ya Unguja, kilichoanza 1984, miaka yake ya mwanzo kilionyesha bahari inashuka.

Mpima ardhi
Miaka michache hiyo, ndugu yangu. Mwezi peke yake una mzunguko wa miaka 18.6 unaokuza na kupunguza bamvua. Wastani wa dunia kati ya 2006 na 2018 ulipanda milimita 3.7 kwa mwaka.

Mvuvi wa Pangani
Mnabishana juu ya milimita, wakati hapa maji ya bamvua na maji ya kupwa yanapishana zaidi ya mita 3. Mniulize mimi. Bamvua ile ile, siku ya shwari inaishia kwenye mizizi ya mnazi, upepo wa kusi ukivuma inaingia uani. Hiyo ramani yenu inajaza maji kama beseni, upepo haumo, mawimbi hayamo. Mchanga kuhama nao haumo. Kisiwa chetu cha Maziwe kilikuwa na miti, leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wazee wanasema ilianza pale mivinje ilipokatwa. Kompyuta gani ingelijua panga?

Mleta mada
Mpima, nakubali umenibana. Nilisema kosa bila kusema linaelekea wapi. Basi nabadilisha: ramani itumike kutuonyesha pa kwenda kupima, isitumike kumvunjia mtu nyumba. Mstari wenyewe uhesabiwe kwa kimo kutoka maji ya bamvua kubwa. Mita 60 za kwenda bara zifutwe.

Mpima ardhi
Kimo nakiunga mkono. Ila kupima kijiji kimoja kwa darubini ya upimaji ni kazi ya siku kadhaa, na pwani ya Bara inaanzia mpaka wa Kenya hadi mto Ruvuma. Wakati tunapima, watu wanajenga. Mita 60 usizifute kabla ya mstari mpya kuwepo.

Mvuvi wa Pangani
Anzeni na bamvua ya mwezi wa tisa, ni mojawapo ya zile kubwa kabisa. Njooni na vigingi, mimi nitawaonyesha mlango ambao maji huwa yanabisha hodi. Na mje usiku pia, maji hujaa mara mbili.