Shule ya Kibaski au ya Kihispania? Naomba ushauri kuhusu binti yangu

MamaNeema:
Habari zenu wanajamvi. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tunaishi Bilbao, kwenye jimbo la Wabaski huku Hispania, mwaka wa tano sasa. Nyumbani ni Kiswahili tu. Binti yetu anafikisha miaka 3 na usajili wa shule umekaribia. Huku kuna mifumo mitatu: A ni Kihispania, Kibaski kikiwa somo moja tu, B ni nusu kwa nusu, D ni Kibaski kitupu, Kihispania ndicho kinachokuwa somo.

Baba Neema anataka A. Anasema Kihispania kitamfikisha mpaka Argentina, hicho kingine ataongea na nani? Mimi moyo unanivuta D, ila naogopa. Kibaski hatukijui, kazi za shule tutamsaidiaje? Na Kiswahili chake si kitapotea?

Juzi bustanini nikamsikia anamwita mwenzake, "Etorri!" Yaani njoo. Hatukumfundisha sisi. Neno hilo limenikaa kichwani mpaka leo.

Kisiki:
Dada, mpeleke D. Niko Donostia, jimbo hilo hilo, miaka 14, wanangu wawili wamepita humo. Kihispania hakina haja ya kutafutwa, kiko dukani, kwenye basi, kwenye runinga. Kibaski asipokipata shuleni, ukubwani atakisotea. Tena kazi nyingi za serikali ya huku zinadai cheti cha Kibaski, hata ualimu.

Kuhusu kazi za shule, mwalimu nilimwambia ukweli kwamba sijui. Jioni mtoto ananisomea kwa Kibaski, halafu ananieleza kwa Kiswahili. Hicho Kiswahili unachokihofia, kwetu kilikua hapo hapo mezani.

Mpitanjia:
Naomba nitofautiane kidogo. Mtakaa hapo mpaka lini? Kama mnafikiria kuhamia Madrid miaka miwili ijayo, mtoto atahangaika. Baba yake ana hoja, asikilizwe.

MamaNeema:
Hatuna mpango wa kuhama, ndugu yangu. Kazi ya mume wangu iko bandarini.

Mwl. Shaibu:
Basi mama, ijueni kwanza lugha yenyewe. Kibaski hakina ndugu yeyote anayejulikana duniani. Kilikuwepo hapo kabla ya Kilatini cha Warumi, na hakijafa. Wakati wa Franco, dikteta wa Hispania, kilifukuzwa shuleni, ndipo walimu kama Elbira Zipitria wa Donostia wakawa wanafundisha watoto majumbani. Franco alikufa 1975, jimbo likapata mamlaka yake 1979, na lugha ikarudi madarasani kwa sheria. Hao watoto wanaosoma D leo, wengi wao babu na bibi zao walinyimwa.

Na Mbaski kwa lugha yake ni *euskaldun*, maana yake "mwenye Kibaski". Anayetajwa hapo ni mwenye lugha, ukoo hautajwi. Neema akikipata, jina hilo ni lake kama la mtoto wa jirani.

BintiPwani:
Shoga, wala usikiogope! Mimi nakisoma jioni kwenye *euskaltegi*, shule ya Kibaski ya watu wazima. Kitenzi chao kinabeba watu kama chetu. Sisi tunasema "nimekupa", wao wanasema *eman dizut*. Vikiwa vitu vingi inakuwa *eman dizkizut*. Wahispania darasani wanatoka jasho, mimi nikamwambia mwalimu kwetu kitenzi kinabeba zaidi ya hapo. Kinachonitesa ni hesabu: 80 ni *laurogei*, ishirini mara nne.

MamaNeema:
Nimemsomea Baba Neema majibu yote. La *euskaldun* amelirudia mara mbili, halafu akanyamaza. Alhamisi tunakwenda wote kuiona shule ya D, ndipo tuamue. BintiPwani, hiyo *euskaltegi* yako wanaruhusu kuja na mtoto? Jioni sina wa kumwachia.