Tupeane uzoefu: mliopita Bahari ya China Kusini, mliona nini?

Wakuu, habari za mvutano wa bahari ile tunazisoma kila siku, ila waandishi wengi hawajalala hata usiku mmoja juu ya maji yake. Naanza mimi.

Tulikuwa na meli ya makasha, Singapore kwenda Hong Kong, zamu ya saa sita usiku. Chaneli 16 ya redio, ile inayosikilizwa na meli zote, ikaamka: sauti ya jeshi la China inaamuru manowari fulani iondoke, imekaribia eneo lao. Ikajibiwa taratibu, kama mtu anasoma karatasi, kwamba inapita kihalali kwa sheria za kimataifa. Wakarudiana hivyo karibu saa nzima, hakuna aliyefoka. Ofisa wangu akapunguza redio, akaniagiza kahawa.

—Manowari haisumbui, mkuu. Balaa ni boti za uvuvi zisizovua. Zinafungwa ubavu kwa ubavu, zinakaa wiki nzima. Machi 2021 Ufilipino ilihesabu takriban 220 za China pale kwenye mwamba wa Whitsun Reef, inaoudai kuwa wake. Huwezi kumpiga mvuvi kombora, na wanaozituma wanalijua hilo.

—Mimi nilikuwa nashughulika na ramani. Za zamani zinaonyesha Mischief na Subi kama miamba inayozama maji yakijaa. Leo China imeijenga, kila mmoja una uwanja wa ndege wenye njia ya kama kilomita 3. Mahakama ya usuluhishi, The Hague, ilisema tarehe 12 Julai 2016 kwamba mwamba wa namna hiyo haukupi bahari hata ukiujengea, na kwamba madai ya China ndani ya mistari tisa, ile iliyoichora kwenye ramani kuzunguka karibu bahari yote, hayana msingi kisheria. China ikaikataa hukumu. Ukipita pale, unachokwepa ni zege, hukumu huioni.

—Serahangi wetu (kiongozi wa mabaharia wa sitaha), Mfilipino, alikuwa na mpwa kwenye Sierra Madre, lile meli kuukuu la vita la Ufilipino lililopandishwa mwambani makusudi mwaka 1999, pale Second Thomas Shoal. Limeoza kutu lakini bendera ipo, basi kuligusa ni kuigusa nchi. Chakula kilikuwa kinapelekwa kwa boti, na boti zilikuwa zinapigwa mizinga ya maji na walinzi wa pwani wa China. Juni 2024 askari mmoja alikatika kidole gumba kwenye purukushani. Siku ile mzee hakula.

—Mnakuza mambo. Nimepita mara sita, sijaona hata manowari moja.

—Wewe si ulikuwa chumba cha injini, mkuu? Ungeionea wapi?